Mama ameshang'olewa magego matatu, sasa la nne. Kutibiwa na wanafunzi wa udaktari wa meno ni sawa?

Binti_Mbagala
Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Mama yangu ana miaka 52, anapika na kuuza chakula hapa Mbagala, bima hana. Tangu mwaka juzi ameng'olewa magego matatu, yote zahanati, unafika unaambiwa fungua mdomo, ganzi, koleo, umemaliza nenda nyumbani. Sasa la nne, juu kushoto, limeanza na usiku halali kabisa, anaweka karafuu anameza diklofenaki na alfajiri anaamka anawasha moto kama kawaida. Nikampeleka kliniki moja ya binafsi wakapiga picha, wakasema jino bado linaokoleka ila mzizi utibiwe, bei waliyotaja inazidi anachobaki nacho mwezi mzima. Mama kasema ling'olewe tu yaishe. Mimi sitaki, maana tayari anatafunia upande mmoja na nyama kaacha kula. Jirani kaniambia Muhimbili pale chuoni wanafunzi wanatibu meno na gharama ni nafuu. Kuna mtu ameshatibiwa na mwanafunzi? Hawaharibu?

fundi_selemala77
Dada pole sana na mpe pole mama. Mimi niliwahi kuzibwa meno mawili na mwanafunzi, mpaka leo yapo na natafunia. Nilichokiona ni kwamba hafanyi kitu peke yake, akitoboa anasimama anamwita mwalimu, mwalimu anaangalia anasema toa hapa kidogo, anarudi tena, akimaliza mwalimu anaangalia tena ndio anasaini. Kwa hiyo jino moja linaweza kula asubuhi nzima. Mtu mwenye biashara kama mama ajipange kwa hilo, siku hiyo asitegemee kufungua. Lakini ndio mara yangu ya kwanza maishani mtu alinionyesha kwa kioo meno yangu yakoje na akanifundisha kupiga mswaki nikiwa na miaka 38!!

Ndele
Mimi naomba nitofautiane na wengi. Kwanini kila siku maskini ndio wawe wa kujifunzia? Mwenye hela anakaa kwenye kiti na daktari mwenye uzoefu wa miaka 20, mama ntilie anakaa na mtoto anayeshika kifaa mara ya tatu. Simlaumu mwanafunzi, lazima ajifunze kwa mtu, ila jambo hili linaniuma na sitaki tulipite kama ni kawaida.

mwaka_wa_tano
Nasomea udaktari wa kinywa na meno, niko mwaka wa mwisho. Ndele hoja yako naipokea kwa heshima, nimeifikiria sana mimi mwenyewe. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwamba anayemtibu ni mwanafunzi na ana haki ya kukataa, asipoambiwa hapo kweli ni kosa. Kabla ya kumgusa mtu tunatoboa na kuziba meno yaliyong'olewa na ya plastiki mpaka mikono inachoka. Digrii ni miaka mitano na baada ya hapo mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitali.

Dada, sasa kuhusu mama. Maumivu yanayokuja yenyewe usiku maana yake mara nyingi ni kwamba mshipa wa ndani umeshaathirika, hapo kuziba juu juu hakusaidii, ni kutibu mzizi (yaani kutoa huo mshipa, kusafisha ndani ya mizizi na kuijaza) au kung'oa. Na gego la juu ni gumu, kawaida lina mizizi mitatu, na ndani yake mara nyingi kuna njia nne za kusafisha, kwa hiyo usishangae wakimpeleka kwa daktari anayesomea ubingwa badala ya mwanafunzi kama mimi. Ataenda zaidi ya mara moja, na gego likishatibiwa mzizi linahitaji kufunikwa vizuri la sivyo linapasuka, hiyo gharama uliza mapema msije mkaishia njiani. Kama hela haitoshi kabisa ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwenye hospitali za serikali ndio wanaopima nani apate msamaha.

Hizo diklofenaki za kila usiku tena tumbo tupu zinaleta vidonda vya tumbo, na kama ana presha ndio mbaya zaidi, amwambie daktari. Na tafadhali sana, akivimba chini ya taya au shingoni, akashindwa kumeza au kufungua mdomo, au pumzi ikawa nzito, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa, watu wanakufa kwa jino jamani.

Tabibu_wa_wilaya
Mimi ni tabibu meno, stashahada, niko hospitali ya wilaya mbali na Dar. Nimesoma hapo juu "koleo, umemaliza" nikanyamaza dakika nzima kwa sababu ni kweli na mimi ndiye ninayeshika hilo koleo. Siku nyingine dawa ya kuzibia imeisha, ganzi ipo, koleo lipo, mgonjwa ametembea tangu usiku na uso umevimba, nimwambie nini? Nang'oa. Tumesomeshwa kuziba na tunajua, ila mkono bila dawa hauzibi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuna njia ya kuziba jino isiyohitaji umeme wala mashine, unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono halafu unajaza kwa dawa inayoitwa glasi ayonoma ambayo inashika jino na inatoa floraidi, madini yanayosaidia jino lisioze. Njia hiyo ilianzia HAPA kwetu, katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam, mwalimu Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliona mashine za kubeba hazifai vijijini wakajaribu kwa mkono. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi zikaingia kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Yani dunia nzima inaitumia, na bibi wa kijijini kwangu ananiambia hajawahi kusikia kwamba jino linazibwa, kwake yeye kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni kurudi na pengo.

Kwa gego hilo linalouma usiku njia hii imeshachelewa, nisikudanganye. Ila mama ana meno mengine. Mwambie aombe kinywa chote kiangaliwe, matundu madogo yazibwe sasa kabla hayajaanza kuuma, na fizi zisafishwe ugaga. Akipimwa na sukari itakuwa vizuri, umri huo fizi na sukari vinaharibiana.

Ndele
Tabibu asante kwa kusema ukweli. Hapo kwenye dawa kuisha ndipo tungepaswa kupigia kelele, kila wilaya. Dada mpeleke mama, ila muulize mwanafunzi jina lake na jina la mwalimu wake, ni haki yenu.

Binti_Mbagala
Asanteni wote, nimemsomea mama majibu yote usiku huu. Ya shingo kuvimba yamemtisha, ila kilichombadilisha ni hilo la kwamba meno mengine yanaweza kuzibwa, aliniuliza mara mbili "hata haya ya mbele?" Amekubali. Jumanne tunatoka saa kumi na moja alfajiri, mdogo wangu atapika chapati na chai tu siku hiyo, wali hapana.

mwaka_wa_tano
Ale vizuri asubuhi kabla ya kuja, ganzi na njaa havipatani. Na hiyo picha ya kliniki mliyopiga mje nayo.