Nyumba Tabora ili binti akae akisoma: inalipa, na hati iwe ya nani?

MamaMwanga_KG
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma. Binti amepata ualimu, chuo cha Mihayo, Tabora, miaka mitatu. Dalali ananionyesha nyumba Ipuli, vyumba vinne, milioni 24. Karatasi iliyopo ni ya mauziano tu, ina muhuri wa serikali ya mtaa. Nawaza binti achukue chumba kimoja, vitatu nipangishe wanafunzi wenzake kwa 40,000 kwa mwezi kila kimoja. Mnaonaje? Na nikinunua, niandike jina lake?

Bikoni
Mama, tuanze na hesabu. Binti akipanga chumba cha 40,000 kwa miezi kumi, ni laki nne kwa mwaka, milioni 1.2 mpaka amalize. Nyumba je? Vyumba vitatu vikijaa miezi kumi vinaingiza milioni 1.2 kwa mwaka, jumlisha laki nne unayookoa, jumla milioni 1.6. Milioni 24 inarudi baada ya miaka 15, na hapo hujabadili bati hata moja. Tena wanafunzi wakienda likizo na mazoezi ya kufundisha, vyumba vinalala. Kwa hiyo inunue tu kama ungeinunua hata binti angepangiwa Songea.

Sasa karatasi. Muhuri wa mtaa unaonyesha kuwa mwenyekiti alishuhudia mauziano, haukuhamishii umiliki. Nenda ofisi ya mipango miji Manispaa na mtu anayekijua kiwanja, uliza mambo matatu: mtaa huo una mchoro ulioidhinishwa? Bikoni, yaani alama za mipaka, zimewekwa? Jina lililoandikwa kwenye kiwanja hicho ni la nani? Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu urasimishaji (upimaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango) ulipopita liliandikwa jina la mmiliki wa zamani na hakuna aliyelibadilisha. Angalia pia kama nyumba haijaingia kwenye hifadhi ya barabara au ya reli. Barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kutoka katikati, kila upande, na ukijenga humo fidia usiitegemee.

Ukipata nyumba yenye hati, omba upekuzi (ukaguzi wa kumbukumbu za kiwanja) kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi. Utaona kama kuna rehani ya benki au zuio. Dai la kodi ya pango la ardhi nalo liulizie, maana linakifuata kiwanja.

fundi_kenchi
Mimi niseme kuhusu jengo. Tabora adui ni mchwa. Panda darini na tochi, choma kenchi (mbao zinazobeba paa) kwa bisibisi kwenye maungio na pale zinapokalia ukuta. Bisibisi ikizama, hesabu paa jipya. Fremu za milango zigonge chini kabisa, usawa wa sakafu. Kisha bandua plasta kidogo nyuma ya nyumba uone tofali: tofali mbichi zilizofunikwa kwa plasta ya saruji zinakunywa maji chini ya dirisha, plasta inabaki kama ganda. Nyumba iliyopakwa rangi wiki hii itazame mara mbili 😄

Weka mita ndogo ya umeme kila chumba, la sivyo mwenye pasi na mwenye jiko la umeme watagombana kila wiki. Mita kuu ya LUKU inakatwa 1,500 kwa mwezi ya kodi ya majengo, uliza kama kuna limbikizo.

Wakili_wa_Ng'ambo
Kuhusu jina: akiwa na miaka 18 anaweza kumiliki. Ila hati ikiwa yake, nyumba ni yake, anaweza kuuza au kuweka rehani bila kukuuliza. Wengi huandika jina la mzazi, au wote wawili huku mafungu ya kila mmoja yakitajwa. Na kukusanya kodi ya vyumba usimpe yeye. Mwanafunzi hawezi kumdai mwenzake wa darasani; kodi ije kwenye simu yako, kwa mkataba wa muhula mzima.

Kwa upande wa muuzaji, kama ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi, mbele ya wakili. Wake wawili, saini mbili. Kodi ya ongezeko la mtaji (ya faida ya kuuza) ni ya muuzaji, ushuru wa stempu asilimia 1 ni wako. Iandikeni kwenye mkataba, kwa sababu kodi ya muuzaji isipolipwa uhamisho unakwama, na anayehangaika ni mnunuzi. Lipa kwa benki, ubakize sehemu mpaka uhamisho ukamilike.

MamaMwanga_KG
Asanteni sana. Nimempigia dalali. Kumbe nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, anayeuza ni kijana mkubwa, wako watatu.

Wakili_wa_Ng'ambo
Basi simamisha kila kitu, mama. Ukubwa wa kuzaliwa haumpi haki ya kuuza. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi ana Fomu namba 4. Dai nakala, nenda nayo mahakamani ilikotoka uilinganishe na jalada. Halafu warithi wote watatu wasaini kuridhia, na mjane kama yupo. Majina kwenye fomu na kwenye vitambulisho vyao vya NIDA yafanane herufi kwa herufi, yakitofautiana waape kiapo cha majina kabla ya mkataba.

Bikoni
Na usitoe "advansi ya kuishikilia".