Nalazwa Jumatatu kupunguzwa mfuko wa chakula, naogopa kutapika kuliko kisu

Kiguu_na_Njia
Wakuu, heshima kwenu. Nina kisukari cha aina ya pili, na baada ya kuhangaika sana na mlo nimekubali kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ile wanayoita slivu. Siyo lile puto la kuwekwa tumboni, hii wanakata kabisa. Kisu hakinitishi, ila kutapika! Nilipojifungua kwa operesheni walinipa usingizi kamili, nikatapika usiku kucha huku kidonda kinavutika. Hata basi la Tanga lazima nipande na mfuko. Waliopitia, maumivu yakoje? Kichefuchefu kinazuiwaje? Mashangazi wameshaanza habari za tangawizi na limao.

Mchumia_Juani
Si ungekimbia tu ufukweni jioni? Hiyo hela ni kiwanja kabisa.

Mama_Dera
@Mchumia_Juani pita hivi. Kaomba ushauri wa kutapika, hajaomba ruhusa yako.

Zamu_ya_Usiku
Dada, mimi niko theatre, chumba cha upasuaji, upande wa usingizi. Hilo la basi na la operesheni ya kwanza kamwambie daktari wa usingizi kabla ya Jumatatu, maana kinga kubwa ya kutapika hupangwa kabla hujalala. Tunaangalia vitu vinne: mwanamke, asiyevuta sigara (ndiyo, wavutaji hawatapiki sana kama wasiovuta, usianze sasa), aliyewahi kutapika baada ya usingizi au safarini, na atakayepewa dawa jamii ya mofini baada ya upasuaji. Mwenye vyote vinne asipokingwa, karibu wanane kati ya kumi hupata kichefuchefu au hutapika. Wewe unaingia na vitatu tayari. Hicho cha nne kiko mikononi mwetu.

Muulize kama utalazwa usingizi kwa propofoli, dawa ya mshipani, badala ya gesi. Muulize pia kama utapewa dawa mbili au tatu za kuzuia kutapika, siyo moja. Mara nyingi ni deksamethasoni mwanzoni na ondansetroni mwishoni. Deksamethasoni hupandisha sukari, kwa hiyo wajue una kisukari na wakupime mara kwa mara. Kwa maumivu, paracetamol ya mshipani kwa saa maalumu hata kama bado husikii kitu, pamoja na sindano ya ganzi kwenye matundu au ukuta wa tumbo. Mofini ibaki akiba.

Na kama unatumia sindano za kupunguza uzito, za aina ya semaglutide, sema. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni, nacho kinaweza kupanda ukiwa umelala kikaingia mapafuni. Dawa zako za sukari zote, peleka na makopo yake.

Mama_Dera
Nimepitia hiyo hiyo. Matundu yenyewe yaliuma kawaida, ila BEGA! Nilidhani moyo. Kumbe tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili wapate nafasi ya kuona, na inayobaki inasumbua kiwambo chini ya mapafu, basi maumivu unayasikia begani. Vidonge havikunisaidia sana. Kutembea ndiko kulikosaidia. Jioni ile ile nesi akikuambia shuka kitandani, shuka, japo unamsonya.

Jambo la pili ni maji. Tumbo linalobaki ni kama robo ya lile la zamani, jembamba kama ndizi, tena limevimba. Wengi hutapika kwa sababu ya kugugumia, halafu wanasingizia dawa. Kunywa kwa kifuniko cha chupa, mililita 30 hivi kwa dakika 15. Hakuna mrija wala soda. Ukisikia kifua kimebana, acha, subiri.

Fundi_Bomba
Mimi baada ya ngiri nilimeza diclofenac ya maumivu tu, nikapona. Nunua duka la dawa.

Zamu_ya_Usiku
@Fundi_Bomba hapana, mkuu. Ngiri na tumbo lililokatwa ni vitu viwili. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zao huleta vidonda vya tumbo, kwa hiyo asimeze bila daktari wake wa upasuaji kuruhusu. Dada, tangawizi nyepesi ukisharuhusiwa vimiminika sina ugomvi nayo, ila haichukui nafasi ya ondansetroni. Vidonge vikubwa uliza kabla ya kuvisaga, kwa sababu metformin, ile ya kisukari, ya kuyeyuka taratibu haisagwi.

Ukiwa nyumbani, usisubiri asubuhi ukiona haya: mapigo ya moyo zaidi ya 120 umekaa tu, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, pumzi kubana, mguu kuvimba, au maji hayakai kabisa. Mshono unaweza kuvuja. Na kutapika kukiendelea kwa wiki, vitamini B1 huisha mwilini. Ukianza kuona vitu viwiliviwili au kuyumba, wakumbushe B1 kabla ya dripu ya glukosi.

Kiguu_na_Njia
Mungu awabariki. Nimeyaandika yote, kesho naonana na daktari wa usingizi. Hiyo sindano ya kupunguza uzito ninayo, nitamwambia. Mume wangu anauliza aje na nini wodini siku ya kwanza?

Mama_Dera
Asije na supu ya pweza! Alete dera pana lisilobana tumbo, kandambili za kutembelea koridoni, na chaja yenye waya mrefu.