Takoli wa chuo mwenye mikono mifupi: tumpime vipi kabla ya drafti ya NFL?

SafuYaMbele:
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa orodha ya wachezaji wa futiboli ya Marekani wa safu ya mbele ya ushambuliaji wanaotoka vyuoni kwenda kwenye drafti, yaani siku timu za ligi kuu ya NFL zinapochagua wachezaji kwa zamu, na kila mwaka nakwama palepale: takoli (anayesimama ukingoni mwa safu hiyo) ambaye mechi zake zinavutia lakini mikono yake haifiki inchi 33. Will Campbell wa chuo cha LSU alipimwa inchi 32 na 5/8 kwenye Kombaini (majaribio ya vipimo kabla ya drafti) ya Indianapolis mwaka 2025, na bado New England Patriots wakamchagua wa 4, wakamweka takoli wa kushoto. Peter Skoronski wa Northwestern alikuwa na 32 na robo mwaka 2023. Tennessee Titans wakamchagua wa 11, wakamfanya gadi, anayecheza ndani kando ya takoli. Chuoni wote wawili walikuwa takoli wa kushoto.

Nina mechi nne au tano za kila mchezaji. Nianze na nini, nihesabu nini, na vipimo vya Kombaini nivipe uzito gani? Idadi ya saki (kwotabeki, yaani mrusha mpira, kuangushwa kabla hajarusha) alizoruhusu ninayo, ila sioni inanifikisha wapi.

Kitasa72:
Mkuu, hiyo idadi ya saki iweke pembeni kabisa. Kwotabeki anayeachia mpira ndani ya sekunde mbili humficha takoli msimu mzima. Halafu kuna suala la sheria: mpira wa pasi ukichezwa, chuoni mchezaji wa safu ya mbele anaruhusiwa kuvuka mstari hadi yadi 3 kabla ya mpira kuachiwa, wakati NFL ni yadi 1 tu. Ndiyo maana vyuo vingi hucheza mipango ambayo kwotabeki anaamua palepale kutoa mpira kwa mkimbiaji au kuurusha, na takoli anasonga mbele kana kwamba ni mbio. Hapo hajalinda mtu, ila kwenye takwimu anaandikiwa kazi safi ya kumlinda kwotabeki.

Kwa hiyo anza kwa kuchuja. Toa pasi fupi za pembeni, toa mipango hiyo ya kuamua palepale, toa pasi zinazotanguliwa na danganyo la mbio, toa kila mara aliposaidiwa na gadi au mchezaji mwingine. Bakiza zile ambazo kwotabeki amerudi nyuma, ameshika mpira sekunde mbili na nusu au zaidi, na takoli yuko peke yake na mvamizi wa pembeni (mpinzani anayemkimbilia kwotabeki). Katika mechi yenye snapu (mara mpira unapoanzishwa) 70 huenda zisifike 15. Hizo ndizo za kumhukumu, hasa zikiwa jaribio la tatu kati ya manne na yadi 7 au zaidi zimebaki, kwa sababu mvamizi anajua pasi inakuja.

Mechi nazo usizichague kwa ukubwa wa jina la chuo. Tafuta zile alizokutana na wavamizi wanaokwenda NFL. Takoli Rashawn Slater hakucheza kabisa msimu wa 2020, lakini maskauti (wasaka vipaji) walikuwa na mechi yake ya 2019 dhidi ya mvamizi Chase Young wa Ohio State. Chargers wakamchukua wa 13 mwaka 2021, na mikono yake ni inchi 33 tu.

Kila snapu irudie mara tatu. Mara ya kwanza tazama miguu peke yake. Hatua ya kwanza ya kurudi nyuma itoke pamoja na mpira, isisubiri mvamizi aanze. Mguu wa nje ufungue nafasi, wa ndani uufuate bila kugongana nao wala kupishana. Akirudi kwa pupa akapitiliza upande wa nje, ameacha mlango wa ndani wazi, na mvamizi mzuri huingia hapo kwenye snapu inayofuata. Akigeuza mabega kuelekea pembeni mapema, amempa mpinzani njia ya mkato hadi kwa kwotabeki.

Mara ya pili, mikono. Viganja vinatua wapi, kifuani au nje ya mabega? Vikitua nje, mwamuzi wa NFL atarusha kitambaa cha kushika. Je, anarusha mikono yote miwili kwa pamoja kila mara? Wavamizi wakubwa huisubiri hiyo, wanaifagia, naye anabaki ameinamia hewa. Na ukiona kichwa kimetangulia mbele ya magoti, tatizo si mikono: nyonga hazikushuka, kwa hiyo anatafuta nguvu kwa kupinda kiuno.

Mara ya tatu tazama pale anaposhindwa. Akisukumwa kifua kwa kifua, anakita ndani ya hatua mbili tatu, au anateleza hadi miguuni kwa kwotabeki? Akizidiwa mwendo, anaweza kumsindikiza mvamizi apite nyuma ya kwotabeki? Kila takoli huzidiwa mwanzoni mwa mpambano wakati fulani, na mimi humpa alama kubwa anayejua kurudi mchezoni.

Kila aliposhindwa andika sababu kwa neno moja: mguu, kiganja, kiuno, macho. Makosa yakiwa mengi ya viganja, kocha ana cha kufanya. Jordan Mailata alitoka raga ya Australia bila kuwahi kucheza futiboli, Eagles wakamchukua wa 233 mwaka 2018, wakamfundisha mikono kuanzia mwanzo. Alichokuja nacho ni mwili na miguu. Makosa yakiwa ya miguu kuchelewa, usitegemee darasa lolote limwokoe.

Yadi10:
Nakubaliana na Kitasa72 kwa mengi, ila mikono tusiidharau. Hupimwa kutoka mfupa wa juu ya bega hadi ncha ya kidole cha kati, na upimaji wenyewe una kosa lake: huyohuyo Campbell alipopimwa tena chuoni kwake alipata 33. Kwa hiyo tofauti ya robo inchi isikukoseshe usingizi. Tofauti ya inchi mbili ni jambo jingine, maana mvamizi mwenye mkono mrefu hukugusa kifuani kabla hujamgusa, na vita inaisha hapo.

Swali la kuuliza ukitazama video: nani anagusa kwanza? Kama mwenye mikono mifupi anaguswa kwanza mara nyingi lakini bado anashinda, angalia anashinda kwa njia gani. Joe Thomas alikuwa na inchi 32 na nusu, akacheza snapu 10,363 mfululizo kwa Cleveland Browns, na mwaka 2023 akaingia ukumbi wa magwiji. Miguu yake ilimfikisha mahali sahihi kabla ya mpinzani. Akishinda kwa nguvu tu dhidi ya wavamizi wadogo wa chuo, mhamishe ndani.

Vipimo vingine: katika mbio za yadi 40 mimi husoma yadi 10 za mwanzo. Kwa mtu wa pauni 310, sekunde 1.75 ni nzuri sana, na ikizidi 1.85 rudi ukatazame hatua yake ya kwanza kwa makini. Kuruka juu na kuruka mbele huonyesha nguvu ya nyonga. Kunyanyua pauni 225 huwapendelea wenye mikono mifupi kwa sababu chuma kinasafiri umbali mdogo, kwa hiyo usikitumie kufidia mikono.

Takoli Orlando Brown Jr. mwaka 2018 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.85 na kunyanyua mara 14 tu. Akaporomoka hadi nafasi ya 83 kwa Ravens, kisha akachaguliwa Pro Bowl, yaani mchezo wa nyota wa NFL, mara kadhaa. Urefu na mikono yake vilifanya mvamizi azunguke njia ndefu. Tristan Wirfs naye alikimbia 4.85 na kuruka juu inchi 36 na nusu, na mechi zake za Iowa zilikuwa zimeshasema hivyohivyo.

Gadi_wa_Kulia:
Nyongeza moja. Msimhamishie mtu kwenye ugadi kama adhabu ya mikono. Ndani hakuna nafasi ya kurudi nyuma, na mtu wa kilo 140 anakufikia papo hapo. Takoli anayeishi kwa miguu lakini hawezi kukita atateseka zaidi kule. Kabla ya kumhamisha tazama mambo mawili: wavamizi wawili wanapobadilishana njia, anamwachia mwenzake mtu wake kwa wakati au anamfuata? Na yeye na mwenzake wanapomzuia mtu mmoja wakiwa wawili, anajua lini atoke amkute lainbeka (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya wapinzani)?

SafuYaMbele:
Asanteni sana wakuu. Mazoezi ya Senior Bowl (mechi ya wachezaji wanaomaliza chuo wanaolenga NFL) kule Mobile, yale ya mmoja kwa mmoja, niyape uzito?

Kitasa72:
Yape kidogo. Zoezi lile humpendelea mvamizi: hakuna gadi jirani, na uwanja wote ni wake. Usihesabu ushindi. Chukua kosa alilofanya siku ya kwanza, kisha tazama siku ya tatu kama bado lipo. Pia angalia kama wanamjaribu gadi au senta (anayeanzisha mpira katikati ya safu), na kama anaweza kuanza akiwa ameweka mkono chini, kwa sababu wengi wanaotoka kwenye timu za pasi tupu hawajazoea mkao huo.