Mrejesho: Picha za ndani zilizokuwa zikitoka na ukungu

Niliuliza kama ninunue kamera mpya, kwa kuwa picha za mwanangu akicheza sebuleni jioni zilikuwa zikitoka na ukungu. Nawashukuru sana mlionizuia. Nilibaki na kamera yangu ya zamani, nikatafuta lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 (tundu kubwa linaloingiza mwanga mwingi), nikaweka kasi ya shata 1/250 ya sekunde ili mwendo ugande, na kuiacha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande hadi 3200, jambo nililoliogopa bure, maana chengachenga zake, yaani vidoa vidogo kwenye picha, hazikeri kama uso uliovurugika. Sasa hata mkono unaorusha mpira unaonekana vidole vyote.

Hata hivyo, kwenye f/1.8 eneo linalonaswa vizuri ni jembamba mno: picha moja ilitoa ncha ya pua safi kabisa huku kope zikiwa hazionekani, ndiyo maana siku hizi natumia f/2.8 (tundu dogo zaidi) pale mwanga unaporuhusu, na nukta ya fokasi, yaani sehemu ninayotaka itoke kali, naiweka kwenye jicho lililo karibu. Aliyependekeza lenzi ya milimita 35, inayonasa eneo pana zaidi, alikuwa sahihi. Kwa sensa ya APS-C ya kamera yangu (ndogo kuliko ya fremu kamili, hivyo hunasa eneo finyu zaidi), lenzi yangu inanilazimu kurudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Ushauri wa kupiga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) bado sijaujaribu.