Nyumbani walijua vipi kwamba unapenda wa jinsia yako? Tupeane uzoefu, watu wa Kisumu, Nakuru na magharibi

Mtoto wa Nyalenda:
Jumamosi nilikuwa mazishini huko Seme. Mama wa marehemu akamshika mkono yule "rafiki" wa mwanawe, akamsogeza hadi kaburini atie udongo pamoja na watoto wa boma. Hakuna aliyeguna. Zamani angekaa nyuma ya hema na waliofuata pilau. Nikakumbuka yangu mengi. Semeni zenu, bila majina.

Kaptembwo Juu:
Januari 2014, mwandishi Binyavanga Wainaina alipojitangaza kuwa shoga. Huyo mzaliwa wa hapa Nakuru. Mzee akasoma gazeti, akalikunja mara nne, akasema "chai imepoa". Mpaka leo hajui. Au anajua.

Omena Kavu:
Yangu ni 2019. Binyavanga alifariki Mei 21, na Mei 24 Mahakama Kuu ikakataa kufuta vifungu 162 na 165, vile vinavyotufanya wahalifu. Jioni hiyo ploti nzima huku Kondele redio ziko juu. Mwenzangu anakaanga omena, nikamwambia apunguze moto, kama kwamba moto ndio ungetusema. Saa tatu keateka akabisha: mwenye ploti hataki watu wa miaka 14 jela. Alitaja 14 kama bei ya unga. Asubuhi mimi niko bafu la nje, mwenzangu kwenye foleni ya maji, kurudi tunakuta kufuli jipya mlangoni. Mimi na taulo, jamani. Majirani wote ghafla wanafagia. Aliyetutoa ni mama mboga wa getini. Akamwendea keateka: "Hawa hulipa deni kila mwisho wa mwezi. Wewe sukuma yangu tangu Pasaka iko wapi?" Kufuli likafunguliwa. Tulihama wiki hiyo, lakini na godoro letu.

Kaptembwo Juu:
Taulo 😂😂 Mama mboga apewe kiti bungeni.

Mjukuu wa Kapsabet:
Mnaongea kama jambo la jana. Nyanya yangu alioa mke, ng'ombe wakatoka.

Mwalimu Mstaafu:
Usichanganye, mjukuu. Kwa Wanandi mwanamke asiye na mtoto wa kiume alioa apate mrithi. Alihesabiwa mume, lakini kitanda hakikuwemo.

Mjukuu wa Kapsabet:
Mwalimu, shikamoo, kitanda sijakitaja. Nasema kijiji kilikula ile sherehe na hakuna aliyeita polisi. Hivyo vifungu vililetwa na Mwingereza. Wahindi waliachiwa vya aina hiyo hiyo, na 2018 mahakama yao ikasema watu wazima wakikubaliana si kosa.

Mwalimu Mstaafu:
Hapa kwetu bado ni kosa. Mahakama ya Juu 2023 iliruhusu tu kusajili shirika la kutetea haki za mashoga. Mbunge Kaluma wa Homa Bay Mjini akaomba wairudie hukumu, akashindwa Septemba.

Sauti ya Bondo:
Mimi Biblia yangu iko wazi, sikubali. Lakini kufungia mtu godoro ni wizi.

Kijana 058:
Sasa mimi nianzie wapi?

Kaptembwo Juu:
Mwambie shangazi. Habari itajifikisha.

Sauti ya Bondo:
Usithubutu. Shangazi ndiye redio.

Mtoto wa Nyalenda:
Tafuta kazi kwanza. Anayelipia wadogo zake karo haulizwi analala na nani.

Mjukuu wa Kapsabet:
Omena, ile sukuma ililipwa?

Omena Kavu:
Hadi tunapakia mkokoteni, bado.