Asidi na metali kwa wanafunzi wadogo: mwalimu mbele, vikundi, siki au video?

chaki_nyeupe

Wakuu habari zenu. Nina darasa la wanafunzi 48, umri kati ya miaka 12 na 14, na wiki ijayo naingia mada ya asidi na metali. Nina vipindi viwili vya dakika 40 vilivyoungana.

Mara ya mwisho niliandika ubaoni "metali + asidi → chumvi + haidrojeni", wakanakili, wakafanya mtihani vizuri tu. Baada ya mtihani binti mmoja akaniuliza, bila utani, kama hiyo chumvi inaliwa. Nikajua nilifundisha sentensi, si kemia.

Safari hii nataka waone. Ninapima njia nne: nifanye jaribio mwenyewe mbele na wao watazame, niwagawe vikundi kila kundi lifanye lake kwa asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, vikundi hivyo hivyo lakini kwa siki, au niwaonyeshe video tu nilale salama. Nyinyi mliopita huku, mnaonaje?

BikaTupu

Video, mkuu. Watoto 48 na asidi ni vita. Video unaisimamisha pale unapotaka, unairudia, na inakuonyesha vitu ambavyo huwezi kuthubutu darasani, kwa mfano sodiamu ndani ya asidi. Hiyo hata mwalimu mwenye uzoefu wa miaka ishirini haigusi.

Dropa_Moja

Nakubaliana na BikaTupu kwa sodiamu tu. Kwa mengine video ina kasoro ambayo watu hawaisemi: wahariri hukata kusubiri. Mtoto anaona magnesi, anaona zinki, anaona chuma, zote zinatoa viputo ndani ya sekunde tano, anaondoka akidhani zina haraka ileile. Somo lenyewe liko kwenye kusubiri. Magnesi inamalizika ukiwa bado unaongea, zinki inakwenda taratibu, chuma mpaka uinamishe macho uvione viputo, shaba haifanyi kitu. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayopanga metali kwenye foleni yake. Ukiikata umekata somo.

Mimi ni mtu wa vikundi, ila si kwa testi tyubu. Natumia sahani nyeupe za plastiki zenye vishimo. Matone 10 ya asidi kwa kila kishimo, yaani kama nusu mililita, na metali nne: magnesi, zinki, chuma, shaba. Piga hesabu: vikundi 12 mara vishimo vinne mara nusu mililita ni mililita 24 kwa darasa zima. Kwa testi tyubu zenye mililita 5 kila moja ungehitaji 240. Kikundi kikimwaga kishimo, unafuta kwa karatasi yenye maji, maisha yanaendelea.

Asidi iwe ya molari 1 (molari ni kipimo cha kukolea), isizidi. Ile ya chupa ya maabara iliyokolea ni kama molari 12, na hiyo watoto wasiione hata kwa mbali. Unaizimua mwenyewe kabla ya kipindi, mahali penye hewa, umevaa miwani na glavu: mililita 21 hivi za asidi ndani ya maji mengi, kisha unajazia maji mpaka 250. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukigeuza, maji machache juu ya asidi iliyokolea yanaweza kuchemka papo hapo na kukurukia usoni.

Magnesi kata vipande vya milimita 4, usiwape utepe mzima. Utepe na chuma visugue kwa msasa kabla, maana magnesi iliyokaa ina utando wa oksidi na msumari una mafuta au kutu. Na angalia msumari usiwe uliopakwa zinki! Niliwahi kupoteza kipindi kizima nikieleza kwa nini "chuma" cha kundi la tatu kilikuwa kinakimbia sawa na zinki. Kilikuwa zinki.

Miwani ya kinga kwa kila mtoto, hata kwa matone 10. Hapo hatubishani.

siki_na_subira

Mbona siki mnaiacha nyuma? Nimeitumia mara nyingi, watoto hawaogopi, mzazi hapigi simu. Utepe wa magnesi kwenye siki unatoa viputo vizuri kabisa.

Dropa_Moja

Magnesi ndiyo, sikatai. Zinki je? Chuma?

siki_na_subira

Zinki unasubiri. Chuma naacha mpaka kesho yake, naweka sufi ya chuma kwenye chupa pana isiyofunikwa kwa kifuniko, asubuhi tunakuta viputo vimeng'ang'ania nyuzi. Ndiyo maana jina langu hilo.

Dropa_Moja

Sasa umemwambia mwenye dakika 80 asubiri mpaka kesho.

Ila tuitendee siki haki, ina somo lake zuri. Siki ya kawaida ina asidi etanoiki kama asilimia 5, ukipiga hesabu inakaribia molari 0.9. Kwa kukolea iko karibu sawa na ile haidrokloriki ya molari 1. Lakini katika siki, molekuli chini ya moja kwa kila mia ndizo zilizoachia ioni (chembe yenye chaji) ya haidrojeni kwa wakati wowote, wakati haidrokloriki imeziachia karibu zote. Kwa hiyo weka magnesi ileile kwenye vishimo viwili jirani, kimoja siki kimoja haidrokloriki, uwaulize kwa nini moja inachelewa. Hapo ndipo watatenganisha *ukali* na *kukolea*, maneno ambayo mitaani ni kitu kimoja.

neno_na_tone

Niseme kutoka pembeni, maana mimi nafundisha lugha na kemia (usiniulize ilikuwaje). Njia yoyote mtakayochagua itakwama kwenye maneno ya watoto kama hamkuyategea. Nimeyasikia haya kila mara:

"Chuma kimeyeyuka." Kwa Kiswahili barafu inayeyuka, sukari inayeyuka, na sasa magnesi nayo "imeyeyuka". Neno moja limebeba mambo matatu tofauti. Barafu ikiyeyuka bado ni maji. Sukari ikiyeyuka kwenye maji bado ni sukari, ukikausha inarudi. Magnesi haijayeyuka kwa maana yoyote kati ya hizo: atomi zake zimepoteza elektroni mbili mbili, zimekuwa ioni, na ukikausha kimiminika hupati utepe wako. Unapata kitu kingine.

"Inachemka." Wanaona viputo, wanakumbuka sufuria. Wape kipimajoto. Kitapanda, ila hakitafika nyuzi 100, na hapo mtoto anabanwa aseme viputo ni vya nini kama si mvuke.

"Asidi imekula chuma." Hili silipingi sana, ni picha nzuri, ila nauliza mara moja: aliyekula, chakula kiko wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa chaki_nyeupe: usiishie kwenye viputo. Yule binti aliyeuliza kama chumvi inaliwa alikuwa sahihi kuuliza, kwa sababu hajawahi kuiona. Mwonyeshe.

Dropa_Moja

Hii ya kukausha naiunga mkono, na nina neno la kitaalamu hapa. Msikaushe kile cha haidrokloriki na magnesi kwa moto: kloridi ya magnesi ikipashwa mpaka ikauke inaanza kuvunjika na kurudisha mvuke wa asidi. Kwa fuwele tumia asidi salfuriki iliyozimuliwa, molari 1, na zinki *ya kuzidi*. Zinki ikibaki chini na viputo vikiisha kabisa, asidi ndiyo imemalizika, si metali. Chuja, pasha taratibu kupunguza maji hadi kama nusu, usikaushe kabisa, acha kwenye sahani pana. Baada ya siku moja mbili kuna fuwele za zinki salfeti, angavu, hazina rangi. Ukitumia chuma unapata za kijani hafifu, nzuri zaidi kwa macho, ila chuma cha kawaida kina uchafu unaofanya gesi inuke, fungua madirisha.

Zinki ikiwa safi sana itakuwa mvivu. Tone la shaba salfeti linaiamsha.

Na kwa yule binti: chumvi katika kemia ni ukoo mkubwa, ile ya mezani ni mtoto mmoja tu. Zinki salfeti hailiwi, na hakuna kinachoonjwa maabara.

mshika_kijiti

Nyote mmesahau sauti! Sahani ya vishimo ni nzuri kwa kulinganisha, lakini gesi yake ni kidogo, huwezi kuipima. Mtoto anaambiwa "hiyo ni haidrojeni" na anatakiwa aamini. Hapa ndipo mwalimu anasimama mbele.

Ninavyofanya: testi tyubu kwenye kishikio, mililita 5 za asidi ya molari 1, magnesi ya sentimita 2. Juu yake nainamisha testi tyubu nyingine kavu, mdomo chini, kwa sababu gesi hii ni nyepesi kuliko hewa na inapanda. Viputo vikipungua naiondoa ile ya juu, mdomo ukiwa bado chini, naipeleka *mbali* na ile ya kwanza, nasogeza kijiti kinachowaka. Pwa! Darasa zima linaamka, hata wale wa nyuma.

Kisha naipitisha ile testi tyubu waione: ukuta wake wa ndani umepata ukungu. Haidrojeni imeungua ikawa maji. Henry Cavendish aliichunguza gesi hii na kuiandikia mwaka 1766, akiitoa kwa zinki, chuma na bati ndani ya asidi, na jina haidrojeni lililokuja baadaye maana yake ni "kizaa-maji". Watoto wanapenda kujua kwamba jina lina sababu.

Jambo moja linalowachanganya walimu wapya: ukikusanya gesi safi sana, haipasuki kwa kishindo, inaungua kimya mdomoni. Kishindo kinataka ichanganyike na hewa. Kwa hiyo sauti ndogo haimaanishi umekosea.

Na chombo kinachotoa gesi kisizibwe, hata kwa kidole.

BikaTupu

Sawa, nimesalimu amri nusu. Lakini wale wasio na asidi ya maabara kabisa? Kuna watu wanachukua maji ya betri ya gari.

mshika_kijiti

Wasichukue. Ni asidi salfuriki iliyokolea mara nne au tano ya inayohitajika, na ya betri iliyotumika ina risasi juu yake. Vivyo hivyo dawa za kusafishia choo: nyingine ni asidi, nyingine ni bleachi, na zikikutana zinatoa klorini. Asiyekuwa na asidi inayojulikana ana siki, na atumie magnesi. Hapo siki_na_subira ameshinda.

siki_na_subira

Asante, nimeipokea kwa mikono miwili.

Nyongeza ndogo: mtakutana na mtoto atakayesema "lakini shaba inafanya kazi na siki, niliweka sarafu iliyofifia ikang'aa." Ni kweli iling'aa. Kilichoondoka ni oksidi iliyokuwa juu, si shaba yenyewe, ndiyo maana hakukuwa na viputo. Mpe sarafu aangalie mwenyewe.

kidato_kipya

Samahani wakubwa, na asidi nitriki? Kitabu chetu kinaitaja pamoja na hizo mbili.

Dropa_Moja

Iache, mwanangu. Haifuati kanuni ile ya ubaoni. Kwa kawaida haikupi haidrojeni, inakupa oksidi za naitrojeni, na kwa shaba inatoa gesi ya kahawia yenye sumu. Ni somo la miaka ya mbele, ndani ya kabati la kutolea hewa.

chaki_nyeupe

Wakuu, nimerudi. Nilichofanya: njia ya mshika_kijiti ilipata dakika kumi za kwanza, sahani za vishimo zikachukua zilizobaki, na zinki na asidi salfuriki nikaziandaa mimi pembeni. Kabla ya kudondosha chochote kila kundi liliandika utabiri wake wa nani ataanza. Makundi 7 kati ya 12 yaliweka chuma mbele, kwa sababu "chuma ni kikali".

Kikundi kimoja kilimwaga. Kikafuta. Basi.

Fuwele zilitoka siku ya pili. Yule binti ndiye aliyeziona kwanza, akasema zinafanana na glasi iliyovunjika, akaniuliza zinki imo humo au haimo. Nikamwambia imo, ila si kama ilivyokuwa. Hakuridhika, ameandika swali kwenye daftari.

Ila kuna alumini. Niliiongeza kama metali ya tano, karatasi ya alumini, kwa sababu nilikuwa nayo. Kwenye orodha inayopanga metali kwa wepesi wa kufanya kazi na asidi iko juu ya zinki. Dakika 10 hakuna kitu! Wakaipanga pamoja na shaba, nami nikakosa la kusema.

Dropa_Moja

Utando wa oksidi. Ni mwembamba mno lakini umeshikamana, asidi inahangaika nao kwanza. Ukishatoboka metali ya chini inakwenda kasi na joto linapanda, kwa hiyo usitie nyingi. Vishimo uliviosha?

chaki_nyeupe

Kimoja nilikisahau dirishani. Asubuhi karatasi haipo, kimebaki kimiminika kisicho na rangi. Nimewaonyesha, wakadai nimeitoa usiku. Jumatatu tunarudia, wameshagawana zamu za kushika saa.