Kompyuta ya kupigia mbizi inagoma kusasishwa, laptop ni Mac. Naihitaji kabla ya asubuhi

Kasa_Mweusi: Wakuu, heshima kwenu. Nina kompyuta ya kupigia mbizi, ile ya kuvaa mkononi inayohesabu kina na muda, niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Nataka niisasishe usiku huu, saa moja asubuhi boti inatoka. Laptop ni Mac ya jamaa. Programu nimeipakua, nikiifungua inaniambia aliyeitengeneza aisasishe kwanza. Nifanyeje?

fundi_wa_Darajani: Hiyo programu ni ya biti 32, aina ya zamani, mkuu. Mac yenye mfumo wa Catalina, ule wa 2019, kwenda juu haizifungui tena hata uzibembeleze. Tafuta yenye Windows, weka draiva kwanza, programu ya kuitambua kebo, ndipo uchomeke kebo. Na uangalie kebo za bei chee, nyingi chipu zake feki. Mwaka 2014 Windows ilileta draiva iliyoziua chipu hizo, watu wakabaki na waya wa kuanikia nguo.

Dada_Linux: Hamia Subsurface, programu ya mbizi. Ya bure, Mac inakubali, Windows inakubali, Linux ndiyo nyumbani kwake. Aliianzisha Linus Torvalds mwenyewe, muundaji wa Linux, 2011.

Kasa_Mweusi: Inasasisha kompyuta?

Dada_Linux: Nyingi hapana, kazi yake ni kusoma kumbukumbu za mbizi zako. Ila ina grafu nzuri sana.

babu_kombe: Sisi tulizama na jedwali la plastiki la kina na muda, na saa ya mkononi. Mzungu mmoja alinifundisha kulisoma tukiwa juu ya ngalawa, kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi. Hakuna aliyetuuliza draiva.

Maji_Makuu: Kasa, hujasema kwa nini iwe usiku huu. Programu iliyomo si inafanya kazi? Kwenye kioo imeandika nini?

Kasa_Mweusi: Mambo ya kawaida tu.

Maji_Makuu: Imeandika nini?

Kasa_Mweusi: Haya. Imeandika Er, yaani kosa. Leo pale kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, mgeni aliangusha kamera akaifuata chini, nikamfuata mpaka mita 41. Kumshika, kumtuliza, gesi ya mtungi wake ikabaki bar 30, karibu kwisha. Kompyuta ilitaka nisimame mita 3 kwa dakika 9 naitrojeni initoke mwilini, ningemwacha apande peke yake? Nikapanda naye bila kusimama. Sasa imejifunga saa 48. Nimesikia sasisho linafuta kila kitu. Kebo nimeshaazima, bosi nimeshamwambia nipo. Msianze kunihukumu, huku usipozama hulipwi.

mpwa_wa_mjumbe: Vijana mnapenda hela kuliko uhai. Mama yako anajua?

Maji_Makuu: Ni kweli zipo ambazo sasisho linafuta hesabu ya gesi iliyobaki mwilini, na mwongozo wake unakutahadharisha. Lakini inayofutwa ni hesabu. Naitrojeni yenyewe unayo mwilini, kesho utashuka nayo na kompyuta itakuona mtu mpya kabisa. Kuna sehemu inauma?

Kasa_Mweusi: Bega kidogo. Nilibeba mitungi.

Maji_Makuu: Mitungi unabeba kila siku, hiyo huenda ni naitrojeni. Funga hiyo laptop. Vaa oksijeni safi sasa hivi, piga laini ya dharura ya DAN, mtandao wa kuwasaidia wazamiaji, inapokelewa saa 24, wakuelekeze chemba ya kutibu wazamiaji kwa shinikizo. Usizame, usipande ndege.

Chai_Rangi: Mnalishwa chai. Kusi linapiga, huku Matemwe boti hazikutoka leo. Halafu uzi kama huu ulishaletwa na mtu wa Watamu, mpaka kamera ya mgeni ilikuwemo. Aweke picha ya hicho kioo.

Kasa_Mweusi: Tulitokea Nungwi. Picha niweke ili bosi aijue?

babu_kombe: Nungwi kusi haliwasumbui sana, kisiwa kinawakinga. Lakini ukishazunguka ncha kwenda Mnemba unalipokea usoni. Nahodha wenu nani?

Chai_Rangi: Hatajibu hilo.

fundi_wa_Darajani: Chai au si chai, ukisasisha betri iwe imejaa. Ikizimika katikati umeiua.

Dada_Linux: Kwa wengine wanaosoma, Subsurface ipo hata ya simu.

Maji_Makuu: Kama ni chai nimepoteza dakika zangu, basi. Kasa, oksijeni umevaa?

Kasa_Mweusi: Mtungi wa oksijeni uko stoo, ufunguo anao bosi. Nikimpigia ataniuliza wa nini.

Maji_Makuu: Mpigie. Asipopokea njoo inboksi uniambie uko nyumba gani. Nipo Kendwa, wa kwangu uko kwenye gari.